Honeymoon Imefika Kashuga

Ukitaka kujua bei ya maharagi pa Kashuga, nenda sokoni. Ukitaka kujua kwa nini bei imekuwa ile, nani amemroga nani, na kwa nini Mungu alirundika milima yote upande huu wa dunia, sokoni watakupotezea wakati bure. Keti kwenye benchi ya Mama Kavuo. Ni ubao mmoja mrefu wa mkaratusi, umeegemea ukuta wa duka lake kando ya barabara ya Pinga, na umelainishwa na matako ya watu wenye maarifa mengi. Mama Kavuo mwenyewe alitoka Butembo zamani na mizigo ya chumvi na sabuni, akasema anapita tu, na hadi leo bado anapita. Kahawa yake ya tangawizi inatoka katika thermos kubwa ya buluu, na mtu akishapewa kikombe anakuwa na haki ya kusema lolote hadi kiishe. Tena kuna siri moja ya benchi ile: ncha yake ya kushoto ndiyo mahali pekee katika mtaa ule ambapo simu inashika network. Kwa hiyo pa Kashuga hakuna habari ya mtu binafsi. Ukipigiwa simu, umepigiwa na benchi yote.

Asubuhi ile Kanyamibwa alifika mapema, akaketi penye network, akaweka simu juu ya goti na kuitazama kwa chuki. Watu wanamwita Papa Fromage kwa sababu ya jibini lake la mviringo, linalosafiri juu ya pikipiki hadi Goma na kuliwa na watu asiowajua. Kwa kawaida ni mtu wa kucheka. Siku ile uso wake ulikuwa umekunjamana kama kitambaa cha kukamulia maziwa.

— Papa Fromage, maziwa imeharibika? akauliza Magloire.

— Heri maziwa. Ni mukwe.

Benchi ikasogea karibu. Magloire ni dereva wa pikipiki. Haketi kamwe, anaweka mguu mmoja juu ya ubao, akisema anaondoka sasa hivi. Jina lake la kijiweni ni Kampala, maana aliwahi kuishi kule miezi michache akiosha magari, akarudi na Kiingereza cha kutosha kumtisha mtu yeyote ambaye hakijui. Pembeni yake alikuwa Sebarenzi, aitwaye Mizinga, anayeuza asali ya msitu wa Walikale na kuiapia kwa jina la marehemu baba yake. Na kati yao Hubert, mwalimu mstaafu, ambaye kila mtu anamwita Diksioneri kwa kuwa anayo kamusi ya Kiingereza nyumbani. Mbuzi aliila kuanzia mwanzo hadi herufi ya J. Tangu siku ile Hubert ni bingwa wa maneno yote kuanzia K.

— Lévi amefanya nini? akauliza Hubert. Ule kijana iko na adabu.

— Adabu iko nayo. Alinipigia simu jana jioni. Akasema, «Papa, Siku ya Posho, ile Jumamosi ya arusi, tukitoka tu kanisani, nitaenda na Umuhoza Kampala mu honeymoon.»

— Mu nini?

— Honeymoon. Nikamwambia, mutoto yangu, nitakupa jibu kesho asubuhi. Sasa atapiga saa yoyote. Na mimi nitajibu nini? Neno lenyewe silijue!

Hapo sauti yake ikapasuka kidogo, na Mama Kavuo akamjazia kikombe bila kuulizwa.

Lazima ujue kilichokuwa kinamchoma. Kwao, katika familia za Kinyarwanda za milima hii, bibi-arusi akishafika kwa bwana hatoki. Anafungiwa ndani. Hateki maji, hapiki, hashiki jembe, hata ufagio hauinui. Anakaa tu, anapakwa mafuta, analishwa. Kisha siku fulani familia ya kwao inakuja na vibuyu vya maziwa na vikapu vya chakula, wanaingia kwa nyimbo, wanamfungua. Wanaita gutwikurura. Baada ya hapo ndipo anakuwa mama wa nyumba kama wengine, na kazi inamkamata hadi kaburini. Nyiraneza, mke wa Kanyamibwa, alikwisha kuloweka mtama wa pombe ya siku ile. Sasa huyu mukwe, Munande kama Mama Kavuo, tena aliyesoma Kampala, anasema atamtoa mtoto kanisani na kumpeleka moja kwa moja kwenye neno lisilojulikana. Watamfungua nani? Wataufungulia mlango ukuta?

— Kampala, akasema Kanyamibwa, weye njo ulikaa na ile batu. Nieleze.

Magloire akashusha mguu. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kuonekana.

— Ni maneno mbili, Papa. Bangereza wanapenda kushona maneno pamoja, kama fundi anashona kiraka. Honey ni asali. Moon ni mwezi.

— Asali na mwezi.

— Asali ya mwezi.

— Ao mwezi ya asali? akauliza Hubert.

— Ni sawasawa, Mwalimu, usilete shule hapa. Maana yake iko wazi kabisa: bwana analisha bibi asali mwezi muzima. Asubuhi asali, saa sita asali, mangaribi asali.

— Bila bugali? akashangaa Mama Kavuo.

— Bila bugali. Ile njo mapendo ya kizungu.

— Atakufa mutoto yangu, akasema Kanyamibwa.

Lakini Sebarenzi alikuwa amenyooka kama mtu aliyeitwa na serikali.

— Sasa hapo munaniuliza mimi. Mwezi muzima, batu mbili! Ile kitu inaomba bidon ya nguvu, na asali ya kweli, hapana ile ya kuchanganya na sukari. Ya Pinga. Papa Fromage, mwambie mukwe nimeshaiweka pembeni.

— Mizinga, hatujakubali!

— Hata msipokubali, wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Njo maana asali inatembea pole.

Benchi ikatikisa kichwa kwa heshima. Methali ya Sebarenzi huwa haihusiki na lolote, lakini anaisema kwa sauti nzuri.

— Na mimi nitawaambia kitu ingine, akaendelea, kwa sababu sasa alikuwa amepata moto. Kule kwa Bangereza iko baridi. Nyuki inakataa. Nyuki si mujinga, inakaa penye maua. Sasa muntu anaoa kule, anatafuta asali, hapate. Anafanya nini? Anapanda mashua na bibi yake, anafuata nyuki. Fuata nyuki ule asali! Anafika Afrika. Anaonja. Anasahau kurudia kwao. Njo vile ukoloni ilianza.

— Aka! Sisi tulitawaliwa na Babelgiji, akapinga Hubert.

— Nao walikuwa wameoa.

Mama Kavuo alicheka hadi akashika thermos isianguke. Hata Kanyamibwa alitaka kucheka, ila alikumbuka simu juu ya goti, akaumeza mcheko pamoja na kahawa. Alikuwa anampenda yule mtoto kupita kiasi, hilo halikuwa siri. Umuhoza ndiye aliyekuwa anashika ndoo upande mwingine wakati wa kukamua, tangu akiwa mfupi kuliko ndoo. Jumamosi ikishapita, ndoo itashikwa na nani? Alikuwa amejiliwaza kwa siku moja tu: siku ya kwenda kumfungua. Angemwona tena, amenenepa kidogo, anang'aa mafuta, na wangeimba. Ndiyo siku hiyo Lévi alitaka kuipeleka Kampala.

— Mwalimu, akasema, weye unajua vitabu. Sema.

Hubert alikohoa. Alikuwa ameona aibu, maana neno lilianza na H, na H iko tumboni mwa mbuzi.

— Mimi nilisikia kwa Padri mumoja zamani, akasema polepole. Hata Kifaransa iko nayo: lune de miel. Ni ile ile. Padri alisema batu ya zamani walifikiri hivi: batu wakioana, mapendo inakuwa tamu kama asali, tena nzima kama mwezi imejaa. Halafu mwezi inafanya nini?

Magloire akatazama juu, kana kwamba mwezi ulikuwepo.

— Inapunguka, akasema Hubert.

Pikipiki ilipita na mzigo wa majani ya mihogo. Kila mtu aliifuata kwa macho ili asimtazame Kanyamibwa.

— Unataka kuniambia, Mwalimu, Lévi atamupenda Umuhoza mwezi moja tu?

— Si mimi, Papa. Ni Padri.

— Kisha mwezi ikiisha?

— Maji yakimwagika hayazoleki, akasema Sebarenzi, na safari hii methali yake ilikaribia kuhusika, jambo lililomwogopesha kila mtu.

— Aka, musimutishe mutoto wa watu bure! akasema Mama Kavuo. Lévi ni wa kwetu, mimi ninajua wazazi yake. Mutasikia maana ya kweli, ya biashara. Ukinunua pikipiki mupya, banakupa nini?

— Garantie, akasema Magloire.

— Njo ile! Mwezi moja ya kujaribu. Unaonja asali. Ukiona iko safi, unachukua. Ukiona iko na maji...

Alikuwa ameona uso wa Kanyamibwa, lakini ulimi ulikuwa umekwisha kuvuka mto.

— Unarudisha, akamalizia Magloire, ambaye hakuona kitu.

— Kurudisha! Kanyamibwa alisimama, kahawa ikamwagika juu ya suruali ya kanisani. Umuhoza ni pikipiki? Ni bidon ya Mizinga? Mutoto yangu atajaribiwa Kampala kisha banirudishie?

— Papa, keti...

— Siketi! Na wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa kama banamutembeza, maana yake nini? Maana yake wanaona ni kibaya! Na bibi-arusi tutamufungua wapi? Akipiga ile simu nitamwambia hapana. Honeymoon hakuna. Na kama ni lazima honeymoon, basi arusi pia hakuna!

Neno lilishatoka. Alilisikia mwenyewe likianguka, akaogopa, lakini mzee hawezi kulamba mate yake mbele ya benchi. Mama Kavuo alishika kichwa. Magloire, ili kuokoa hali, akasema kwamba Wamarekani walipanda mwezini kwa sababu ya neno hilo hilo, kutafuta asali, na kwa kuwa hawakuikuta ndiyo maana waliacha kwenda. Akaongeza kuwa mtaka cha uvunguni sharti ainame. Hakuna aliyemsikiliza. Hubert alikuwa anafikiria Jumamosi, na padri aliyekwisha kuwekwa tayari, na Umuhoza, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kusoma. Kisa chote kwa ajili ya Waingereza ambao hawajui hata Kashuga iko wapi.

Hapo akafika mama mmoja na kikapu cha mboga za lengalenga kichwani. Jina lake Mukandori; alikuwa amehamia kambi ya wakimbizi ya hapa juzi juzi pamoja na watoto wake, watu walikuwa bado wanajifunza sura yake. Akateremsha kikapu, akasalimia kwa mikono miwili.

— Mama, kawa iko?

Mama Kavuo akainamisha thermos. Yakatoka matone, kisha pumzi.

— Imeisha, dada. Hawa wazee wameimaliza na maneno.

— Hakuna shida. Akamgeukia Kanyamibwa, maana alikuwa amemsikia tangu mbali, kama barabara yote. Papa, unisamehe. Nimesikia unasema juu ya kumufungua bibi-arusi. Mimi pia niko na binti, ameposwa na kijana wa hapa. Kila kilima iko na desturi yake, sitaki kukosea. Siku ile walikuja kumufungua mama ya nyumba yako, Papa, walileta nini?

Ni swali la mtu anayetaka kujua aweke nini kikapuni. Maziwa au pombe? Kuku au mbuzi? Kanyamibwa alifungua mdomo kama mtu anayejua.

Alimtazama Hubert. Hubert alikuwa shahidi wa arusi yao, akatazama chini. Alimtazama Sebarenzi. Sebarenzi, aliyekuwa na methali kwa kila kitu, akaanza kukwangua ukucha.

Nyiraneza hakufunguliwa. Walioana Jumamosi, Kanyamibwa akiwa na koti la kuazima, na wakamfungia ndani kama inavyotakiwa. Kesho yake alfajiri bunduki zililia upande wa mlima, na bibi-arusi akatoka mwenyewe, mafuta bado yanang'aa mikononi, godoro kichwani. Walikimbia na wengine kuelekea msituni. Jioni ile ile, kwenye kijiji cha watu, Nyiraneza aliomba bidon, akauliza kisima kiko wapi, akateka maji. Familia ya kwao ilikuwa imekimbilia upande mwingine. Walipoonana tena alikuwa na mtoto mgongoni, na nani angekumbuka kumfungua mtu aliyekwisha kutoka? Tangu jioni ile hajakaa siku moja. Na hajawahi kulalamika. Ila mtama wa Umuhoza alikuwa ameuloweka kabla hata padri hajapanga tarehe.

Kanyamibwa aliona aibu, akaketi tena.

— Mama, akamwambia Mukandori, hawakuleta kitu. Hawakukuja.

Simu ikalia.

Benchi yote ikaruka. Kanyamibwa akaikamata kwa mikono miwili, akasogea kwenye ncha kabisa, akaiweka sikioni.

— Alo, mukwe... Ndiyo, nimeamka. Sikiliza, mimi niulize kitu moja. Mu ile honeymoon, Umuhoza atateka maji?

Benchi yote ikaegemea upande wa network.

— Hapana? Atapika?... Atafagia?... Atalima?... Sasa atafanya nini?

Alisikiliza kwa muda mrefu. Uso wake ulianza kukunjuka, upande mmoja kwanza, kisha mwingine.

— Atakaa tu. Atalala mpaka jua itoke. Utamuletea chakula... Kumbe! Mukwe, kumbe Bangereza nao banafungia bibi-arusi ndani! Kwa nini hukusema vile tangu jana?

Magloire alimpiga Sebarenzi mgongoni. Mama Kavuo akaanza kumshukuru Bikira Maria kwa Kinande.

— Basi sikia. Mumufungie kwanza hapa hapa, kwa shangazi yako anayekaa Kashuga. Sisi tutakuja na mama yake kumufungua. Na maziwa. Halafu muende Kampala, muende hata mwezini... Eeh? Na wewe unapenda vile?... Aksanti, mutoto yangu. Aksanti.

Akakata simu. Hakungoja pongezi, hakudai hata kahawa nyingine, ambayo kwa vyovyote haikuwepo. Alimwambia Mukandori, «Maziwa, mama. Ya kwanza ni maziwa, kisha njoo kwangu, Nyiraneza atakueleza mengine,» akavuka barabara na kwenda kwake, suruali ina doa la kahawa.

Nyiraneza alikuwa anatoka mlangoni, bidon ya manjano ya kutekea maji mkononi, mshipi wa kubebea umefungwa tayari.

— Mukwe alisema nini? akauliza.

— Alikubali. Leta ile.

— Leta nini?

— Bidon. Weye ingia ndani, ukae.

— Unasema niko mugonjwa?

— Hauko mugonjwa. Ingia tu. Usipike, usifagie.

Nyiraneza alimtazama usoni, akitafuta harufu ya pombe. Hakuipata. Kwa jinsi anavyomfahamu mume wake, aliona hafanyi mchezo, na macho yake yalikuwa na maji. Akaachia bidon taratibu, kama mtu anayemkabidhi mwingine mtoto aliyelala, akaingia ndani. Kanyamibwa alisikia kitanda kikilia. Akavuta mlango nyuma yake.

Njia ya kisimani inapita mbele ya benchi. Hakuna nyingine. Pa Kashuga mzee mwenye ng'ombe hateki maji kwa mkono wake. Akionekana na bidon, watu wanauliza nani amekufa. Kanyamibwa hakujua hata kuufunga ule mshipi kwenye paji la uso. Aliibeba bidon tupu kwa mkono, ikimgonga gotini kila hatua, na wanawake waliokuwa wanapanda na maji yao walisimama kumpisha.

— Papa Fromage! akaita Magloire, mguu umeanguka kutoka kwenye ubao. Kuna nini? Mama iko wapi?

— Iko ndani.

— Iko anafanya nini ndani?

— Hafanye kitu, akasema Kanyamibwa bila kusimama. Iko mu honeymoon.

Benchi ilitazamana. Mukandori ndiye aliyeinua kikapu chake haraka, akamkimbilia yule mzee njiani ili amwonyeshe namna ya kufunga mshipi.